Davai: anza na hili neno kama unaenda Urusi

Mtu akiniuliza aanzie wapi Kirusi mi namwambia achana kwanza na yale majedwali ya vitenzi, kamata davai. Wenyewe wanaandika давай, mkazo kwenye va, yani vilevile Mswahili angeisoma, kwa hiyo matamshi hayakusumbui.

Shida ni kamusi. Inakwambia ni amri ya "kutoa", yani toa, lete. Ilinichanganya sana. Nlikua Voronezh, mji wa huko Urusi, ule mwaka wa kusoma lugha tu kabla ya kozi, wanauita podfak, sasa kuna jamaa Mrusi wa hosteli akanipigia simu tukaongea vizuri tu, mwishoni akasema "nu vsyo, davai" af kimya. Nikawaza huyu anataka nimpe nini tena? Nikamuuliza kwa Kirusi changu cha kuungaunga, nitoe nini? Alicheka mpaka akaenda kuwasimulia wenzie. Kumbe alikua ananiaga! Vsyo ni basi, davai ni haya. Haya basi. Ndo hivyo tu jamani.

Toka siku hiyo nikiisikia naweka "haya" kichwani na mara nyingi inakaa. Mtu anakuuliza "chai budesh?", utakunywa chai (na chai kwao ni chai kweli), unajibu davai. "Davai poidyom", haya twende. "Davai zavtra", haya basi iwe kesho. "Davai-davai!" ya kocha uwanjani, au ya mtu aliye nyuma yako mlangoni mwa basi na baridi inaingia, hiyo ni haya haya, changamka. Af kuna ile ya upole, rafiki yako anaingia kwenye mtihani unamwambia davai, hapo ni kama komaa. Neno moja, sauti ndo inabadilika.

Sio kila sehemu lakini. "Davai ya pomogu" ni acha nikusaidie, haya hapo haikai. Na ile maana ya kamusi haijafa, "davai syuda" ni lete hapa, mkono umeshanyooshwa.

Ila chunga heshima. Mi nilimuaga mwalimu wangu, mama mtu mzima kabisa, kwa davai, yani kama unamuacha mwalimu wako na "haya mwanangu baadae". Akanijibu taratibu, silabi kwa silabi, do svi-da-ni-ya, akasubiri nirudie. Nikarudia. Kwa wakubwa, au watu wengi, ukipendekeza kitu sema davaite, mfano "davaite nachnyom", tuanze. Kuwaaga ni do svidaniya, usilete ujanja.

Na kwenye simu usikate kwenye davai ya kwanza. Itakuja "davai, davai, nu davai, poka" (poka ni bai), af davai nyingine tena, kama wamama wa kwetu na haya zao mlangoni.