Maswali na Majibu: Mbegu za Fahali Hufia Mdomoni mwa Mtungi

Swali: Mimi ni mhamilishaji wa ng'ombe, yaani napandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali zilizogandishwa, huko Ganda, Malindi. Mbegu nazinunua mahali panapoaminika na mtungi wangu wa naitrojeni haujawahi kukauka, lakini miezi hii ya jua kali ng'ombe wengi wanarudi joto, yaani wanataka dume tena, baada ya wiki tatu. Mrija wenye mbegu nauyeyusha kwa maji ya nyumbani, ambayo huku kwetu hayana baridi. Mbegu zinafia wapi?

Jibu: Ndugu yangu wa Ganda, mbegu iliyozama katika naitrojeni, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, hukaa miaka mingi bila kudhoofika, kwa kuwa shughuli zake zote za uhai zimesimama. Hatari iko njiani, wakati wa kushuka na wakati wa kupanda. Maji ya nje yakiganda polepole mno, chumvi iliyobaki hukolea na kuinyonya mbegu hadi ikasinyaa. Yakiganda kwa kasi mno, maji ya ndani nayo huganda kabla ya kutoka, na fuwele zake huchana utando. Ndiyo maana maabara huchanganya mbegu na kiini cha yai pamoja na gliserini, ambayo faida yake iligunduliwa Uingereza mwaka 1949, kisha huzipoza taratibu hadi nyuzi 4 au 5 kabla ya kuzigandisha. Hata kwa ufundi huo, karibu nusu hufa. Unayoitegemea wewe ni ile nusu iliyopona.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni hili: mhamilishaji huinua kanista, kile kikopo chenye mirija ndani ya mtungi, mpaka juu kabisa, akaanza kupuliza ule moshi mweupe ili asome majina ya mafahali, huku jalidi ikiyeyuka kwenye mirija. Joto likipita takriban nyuzi 130 chini ya sifuri, fuwele ndogondogo huanza kuungana na kuwa kubwa, na kuirudisha mirija kwenye naitrojeni hakuponyi kilichokwisha kuchanika. Madhara hujikusanya kila unapoinua, na mrija mwembamba wa robo mililita hupata joto upesi kuliko ule wa nusu. Basi kanista isivuke mstari wa jalidi shingoni mwa mtungi. Usipoupata mrija ndani ya sekunde 8 hivi, izamishe tena, usubiri. Orodha ya mafahali, kanista kwa kanista, ibandike nje ya mtungi, ili kusoma kufanyike kabla ya kufungua.

Kuhusu maji, mkono hukudanganya. Maji ya nyuzi 28 huyaona yana uvuguvugu, lakini mrija huyeyuka humo polepole, na fuwele hupata nafasi ileile ya kukua. Beba themosi na kipimajoto, maji yawe nyuzi 35 hadi 37, uuache mrija humo sekunde 40. Ukiutoa, ukaushe vizuri kabla ya kuukata, kwa sababu hata tone la maji matupu huua mbegu. Bomba la kuhamilishia lifute, likinge na jua, na usilitue kamwe juu ya kiti cha pikipiki saa sita mchana, maana kiti hicho kinaweza kuchoma kiganja, sembuse mbegu. Ndani ya dakika 10 kazi iwe imekwisha. Kwa hiyo yeyusha mrija baada ya ng'ombe kufungwa, si wakati bado anakimbizwa shambani.

Si kila anayerudi joto ni kosa la mbegu, lakini. Joto kali la hewa huua kiinitete katika siku zake za mwanzo hata pale mbegu ilipofanya kazi yake. Ili kutenganisha mambo haya mawili, omba maabara ya mifugo iangalie kwa darubini mrija mpya na mrija uliokaa muda mrefu katika kanista unayoifungua kila siku, vyote vya fahali mmoja. Ule wa zamani ukiwa na mbegu chache zinazoogelea mbele, tatizo liko mkononi mwako. Zikilingana, anza na kivuli na maji ya kunywa ya ng'ombe.