Keki ya mkaa kuungua chini na kubaki mbichi juu

Pole dada. Unauliza kwa nini keki yako ya jiko la mkaa inaungua chini huku juu ikibaki mbichi. Moto wako mwingi uko chini, na kwa keki unatakiwa kuwa juu. Pakia makaa mengi juu ya mfuniko wa bati, jikoni bakiza machache yaliyoanza kushika majivu.

Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, kimo cha sentimita 2 hivi, funika, ipashe moto dakika 10 ndipo uweke chombo cha keki. Mchanga husambaza joto taratibu, kitako hakiungui. Usiuache, tafadhali!

Vipimo: unga wa ngano gramu 250, sukari 200, siagi 200, mayai 4, beking pauda vijiko 2 vya chai, iliki ukipenda. Ukishatia unga, changanya kidogo tu. Ukikoroga sana keki inakuwa ngumu.

Usifunue kabla ya dakika 25, maana keki ambayo haijashika itabonyea katikati. Baada ya hapo choma kijiti, kikitoka kikavu, epua.