Kabla Hujajaza Fomu ya Malalamiko

Jumamosi moja baada ya Adhuhuri nilikuwa Kibokoni kwa mamangu mdogo, simu yake mkononi, kahawa yangu ikipoa. Alikuwa amelipia intaneti ya nyumbani shilingi 2,500 kwa M-Pesa, ujumbe wa malipo anao, lakini mtandao haukurudi. Kampuni yenyewe haina ofisi Mombasa ambayo mtu angeiendea. Ina tovuti, na kwenye tovuti mna fomu.

Fomu ikataka namba ya simu. Nikaandika kwa kuanzia 07. Yakatoka maandishi mekundu: namba si sahihi. Nikaweka +254, mekundu tena. Kumbe ilitaka 254 bila ile alama ya kujumlisha, na hapana mahali iliposema hivyo. Tena kila ikikataa yafuta kila kitu: maelezo, tarehe, hata picha ya risiti. Niliandika maneno yaleyale mara nne. Mara ya tatu mama akaniambia, "Mwanangu, wacha tu. Zishakwenda hizo."

Neno lile liliniuma. Pesa zake halali, anaziacha kwa sababu ya kisanduku kimoja kilichotengenezwa ovyo.

Roboti wao wa kujibu ujumbe kwenye tovuti ndiye hafai kabisa. Akwambia uchague 1 hadi 4, na shida yako haimo. Ukimwandikia Kiswahili, ajibu kwa Kiingereza kwamba hakukuelewa. Katiba yetu, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Kampuni inayochukua pesa za watu wa Pwani sioni ina udhuru gani.

Tangu siku hiyo maelezo nayaandika kwanza pembeni, kwenye programu ya kuandikia kumbukumbu ndani ya simu, ndipo niyabandike kwenye fomu. Ikifuta, nabandika tena. Ule ujumbe wa M-Pesa usiufute: ile namba yake ya muamala, yenye herufi na tarakimu 10 kwa jumla, ndiyo ushahidi wako. Kila ukurasa unaokukataa, upige picha ya skrini. Na usiondoke bila ya namba ya lalamiko. Wasipokupa, waandikie barua pepe uitake, ili tarehe ibaki kwenye maandishi.

Jambo moja nakuomba sana: usiende kulalamika hadharani mitandaoni ukaweka namba yako. Matapeli wenye kurasa za kujifanya huduma kwa wateja watakufuata mbio, na watataka PIN. Hakuna mhudumu wa kweli anayeuliza PIN.

Kampuni ya simu au intaneti ikikunyamazia, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Nao watataka kujua kama ulianza kwa kampuni yenyewe, kwa hivyo ile namba ya lalamiko itakufaa hapo. Na unapoandika, taja kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa ubovu wake.

Mimi nilikitaja kwenye barua pepe ya pili, pamoja na namba ya lalamiko. Siku ya tano mama akanipigia kwa video. Hakusema kitu kwanza. Aliigeuza simu, akanionyesha taa ya kijani inawaka kwenye kile kidude cha intaneti, juu ya kabati la vyombo.