Kwa aliyeuliza kuhusu urafiki wa uzeeni katika filamu za Kifaransa: itafute La Tête en friche

Ndugu mleta mada, umeuliza kama ipo filamu ya Kifaransa inayoonyesha urafiki kati ya mzee na mtu asiye wa ukoo wake, ambayo haimfanyi mzee kuwa chombo cha kumtia mwenzake adabu na kisha kumfisha ili watazamaji walie. Umesema pia kwamba unataka kuitazama pamoja na mama yako. Ipo, nami naipendekeza bila kusita: ni La Tête en friche ya mwongozaji Jean Becker, iliyotoka mwaka 2010 kutokana na riwaya ya Marie-Sabine Roger. Nitaieleza kwa urefu, pamoja na mwisho wake, kwa sababu kazi yangu ni kuwahudumia wakazi wa nyumba moja ya wazee huku Ubelgiji, katika mkoa wa Hainaut karibu na mpaka wa Ufaransa, na mambo ninayoyaona kazini ndiyo yaliyonionyesha ni wapi filamu hii inasema kweli na ni wapi inapunguza makali ya kweli hiyo.

Kisa chenyewe ni chepesi. Germain, anayeigizwa na Gérard Depardieu, ni mwanamume wa makamo mwenye mwili mkubwa, anayeishi katika trela kwenye bustani ya mama yake katika mji mdogo; picha zilipigwa Pons, magharibi mwa Ufaransa. Analima mboga na kuziuza sokoni, anafanya vibarua, anachonga vinyago vya mbao. Kusoma kulimshinda tangu utotoni, mwalimu alipokuwa akimdhihaki mbele ya darasa zima, na mama yake hakuwahi kumwonyesha kwamba kuzaliwa kwake kulikuwa heri. Siku moja, kwenye benchi la bustani ya mji, anakutana na Margueritte, bibi msomi wa miaka 95, mwembamba, mwenye sauti safi, ambaye anahesabu njiwa. Germain naye huwahesabu njiwa hao hao, na kila mmoja amempa jina. Hesabu zao zinakubaliana kwamba wako 19, na mazungumzo yanaanzia hapo.

Wengi wanaoisimulia filamu hii husema kwamba bibi anamfundisha kusoma mtu asiyejua kusoma. Mimi nadhani wanaipunja. Margueritte hamfundishi, anamsomea kwa sauti, basi. Anachukua riwaya ya Albert Camus kuhusu tauni iliyoukumba mji wa Oran nchini Algeria, anasoma pale panya wanapotoka mashimoni na kufa hadharani, na Germain anafumba macho akawaona panya wale kana kwamba wanapita miguuni pake. Mtu ambaye kwa miaka yote aliambiwa kwamba hana akili anagundua kwamba anasikiliza vizuri kuliko wengi waliosoma, na bibi anamwambia hivyo, kwamba msomaji mzuri huanza kwa kuwa msikilizaji. Baadaye anampa zawadi ya kamusi, na hapo mambo yanaharibika kidogo: ili utafute neno ni lazima kwanza ujue linavyoandikwa, na aina za nyanya anazozijua Germain kwa majina na kwa ladha hazimo ndani ya kitabu kile kikubwa. Naiona sehemu hiyo kuwa ndiyo akili ya filamu nzima. Bibi alipokuwa anamgawia rafiki yake kitu anachokipenda mwenyewe, urafiki ulinawiri. Alipompa chombo cha kumrekebisha, hata kwa nia njema kabisa, Germain alijiona tena kama yule mtoto wa mbele ya darasa.

Mtu wa aina ya Germain hakubuniwa ili atuchekeshe. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Ufaransa miaka ile ya mwanzo wa muongo wa 2010 ulionyesha kwamba asilimia 7 ya watu wa umri wa miaka 18 hadi 65 waliosoma shule nchini humo, yaani takriban watu milioni 2.5, hawakuweza kutumia kusoma na kuandika katika shughuli za kawaida. Walipita darasani, wakatoka mikono mitupu, na wengi huishi wakificha jambo hilo hata kwa wenzi wao. Depardieu mwenyewe aliacha shule angali mvulana, na naamini hiyo ni sababu mojawapo inayomfanya auigize ukimya wa Germain bila kuutia chumvi.

Kitabu cha pili wanachosoma ni cha Romain Gary, ambamo mwandishi anamsimulia mama yake aliyempenda kupita kiasi. Fikiria mwanamume aliyekua bila pendo la mama akisikiliza kurasa hizo kwenye benchi! Filamu haisemi mengi hapo, nayo inafanya vema. Mama yake anapokufa, ndipo Germain anapojua kwamba alimwachia nyumba, na kwamba mwanamke yule mkali alikuwa na namna yake ya kumwekea akiba ambayo hakujua kuionyesha akiwa hai. Mama yako, kama ni mtu mzima wa umri wa wazazi wetu, huenda akaguswa na sehemu hii kuliko ile ya njiwa. Ningekushauri usimsemeshe wakati huo.

Sasa nije kwenye macho. Margueritte ana ugonjwa wa uzeeni unaoharibu sehemu ya katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Katika nyumba tunamofanya kazi ugonjwa huu tunauona mara kwa mara, na filamu imeuonyesha kwa usahihi usio wa kawaida. Mgonjwa haingii gizani. Pembeni anaendelea kuona, kwa hiyo anaweza kutembea ukumbini, kulikwepa meza na kujua kwamba kuna mtu anakuja; kinachopotea ni kile anachokielekezea macho moja kwa moja, yaani sura za watu na herufi za kitabu. Kwa mtu aliyeishi kwa kusoma, hasara hiyo ni kubwa kuliko jamaa zake wanavyodhani, kwa kuwa wanamwona akitembea na kunywa chai bila shida, wakaamini anaona. Germain anapoelewa kwamba rafiki yake hivi karibuni hataweza kusoma, anaanza kujifunza kusoma kwa sauti kwa msaada wa mpenzi wake Annette, na anamchongea bibi fimbo ya kutembelea. Hajifunzi ili awe mtu wa maana mbele ya wenzake wa baa. Anajifunza kwa sababu kuna mtu mmoja anayehitaji sauti.

Hili nalijua kwa mikono yangu. Alikuwapo katika nyumba yetu bibi mmoja kutoka upande wa Lille, mjane wa mkulima wa viazisukari, aliyekuwa na ugonjwa huo huo. Kifaransa changu nilijifunzia Bujumbura na Kigoma, na wakati huo kilikuwa bado kinajikwaa kwenye maandishi. Aliniomba nimsomee gazeti la La Voix du Nord, tena hakutaka hadithi wala siasa: alitaka matangazo ya vifo, hali ya hewa na habari za mavuno. Nilipokosea kutamka jina la kijiji alinisahihisha papo hapo, kwa ukali wa mama mkwe, kisha akaniambia kijiji kile kilikuwa na kisima gani na nani alimwoa nani. Baada ya muda niligundua kwamba nilikuwa naijua nchi ile kuliko vijana waliozaliwa humo, na yeye alikuwa amepata mtu wa kumpa yale aliyodhani angeyapeleka kaburini. Hatukuwa wa rika moja, wala dini moja, wala hatukukubaliana juu ya chakula. Lakini nilipokwenda likizo nyumbani, alikuwa akiwauliza wenzangu kama nimeandika.

Nataja hayo kwa sababu ya jambo moja ambalo filamu inalionyesha bila kulitamka, nalo ni wakati. Germain anakaa benchini alasiri kwa sababu ni kibarua; hakuna mwajiri anayemhesabia dakika. Margueritte anakaa hapo kwa sababu hakuna anayemsubiri popote. Urafiki wao umeota katika saa ambazo jamii haina kazi nazo. Sisi tulioajiriwa kuwatunza wazee tuna ratiba: kuosha, kuvisha, kulisha, dawa, kubadilisha shuka, chumba kinachofuata. Gazeti lile nilikuwa nalisoma baada ya zamu yangu, nikiwa nimeshavua sare, na hata hivyo niliwahi kuonywa kwamba nisioneshe upendeleo kwa mkazi mmoja. Nilielewa sababu za onyo hilo, lakini sikuacha. Mtu akiniuliza kwa nini urafiki kama wa filamu hii huitwa wa ajabu, nitajibu kwamba tabia za watu si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni kwamba tumepanga maisha yetu hivi kwamba watu hawa wawili wasikae benchi moja kwa wakati mmoja.

Mtazamaji Mfaransa wa mwaka 2010 alikuwa na kumbukumbu nyingine. Mwezi Agosti mwaka 2003, joto kali liliua takriban watu 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wazee, na kati yao wengi waliishi peke yao. Aibu ile ilikuwa kubwa, hata serikali ikaweka siku moja ya kazi bila malipo kwa mwaka ili kupata fedha za kuwatunza wazee na watu wenye ulemavu. Ukiijua historia hiyo, benchi la Margueritte halitaonekana tena kuwa mahali pa kupendeza tu.

Kuhusu mpwa wa Margueritte, watu wengi humlaani, na mimi naomba nimtetee kidogo. Anamlipia shangazi yake katika nyumba nzuri ya wazee, kisha fedha zinamshinda, anamhamishia Ubelgiji katika nyumba duni, mbali na njiwa na mbali na Germain. Sheria ya Ufaransa, katika kifungu cha 205 cha kanuni za madai, inawalazimu watoto kuwasaidia wazazi wao wenye shida, lakini haimlazimu mpwa. Yule bwana alikuwa analipa kwa hiari. Na safari ya kuvuka mpaka si ubunifu wa mwandishi: wako wazee Wafaransa wanaoletwa huku katika nyumba zetu za wazee za Wallonia, upande wa Ubelgiji unaozungumza Kifaransa, kwa sababu bei ni nafuu, na mara nyingi jamaa huja kuwatembelea wiki za mwanzo, kisha barabara inakuwa ndefu. Ninachokipinga ni picha ya nyumba ile ya Ubelgiji, iliyochorwa kama mahali pasipo na mtu mwenye moyo.

Mwisho wa filamu ndio udhaifu wake mkubwa. Germain anakwenda Ubelgiji, anamchukua Margueritte kwa gari lake na kumrudisha nyumbani, kila mtu anafurahi. Nimefurahi nami, siwezi kukana. Lakini nilitamani dakika chache tu za kuonyesha nani atamwamsha usiku, nani atamsaidia kuoga, na Annette aliye mjamzito anasemaje, maana urafiki wa uzeeni hupimwa hapo. Becker alichagua kufunga kabla ya kipimo.

Gisèle Casadesus, aliyemwigiza Margueritte, alikuwa na umri wa miaka 95 kweli. Aliingia katika kundi la tamthilia la Comédie-Française mwaka 1934 na alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 103. Sauti unayoisikia ikisoma ni sauti iliyofunzwa maisha yote, na ndiyo sababu kubwa ya kuitazama filamu hii katika Kifaransa chenyewe, hata kama hukielewi. Upande wa Depardieu kuna jambo ambalo ni haki ulijue kabla ya kumketisha mama yako: mwaka 2025 mahakama ya Paris ilimtia hatiani kwa kuwashambulia kingono wanawake wawili kwenye kazi ya filamu nyingine, naye akakata rufaa. Wapo ambao hawataki kumwona tena, na siwalaumu.

Ikiwa nanyi mko hivyo, tafuteni Une belle course ya Christian Carion, ya mwaka 2022, ambamo dereva wa teksi anampitisha Paris nzima bibi wa miaka 92, anayeigizwa na Line Renaud, akimpeleka kwenye nyumba ya wazee. Ina kumbukumbu za kipigo cha ndoa ambazo ni nzito, kwa hiyo itazame kwanza peke yako. La Tête en friche haina mzigo huo na ni fupi, haifikii saa moja na nusu. Tafsiri ya chini ya picha niliyoiona mimi ilikuwa ya Kiingereza. Kama mama haisomi, mtafsirie kwa sauti kila wanaponyamaza, na zile sehemu za kusoma kitabu zisimamishe ili aipate hadithi yote.