Blanketi limekuwa kama sketi: maswali yenu ya krosheti

Wiki hii karibu picha zote mlizonitumia ni za blanketi zilizopinda, hata sijui mmepangana ama vipi. Nimeokota maswali yanayojirudia. Kabla sijaanza tuelewane, nikisema dabo namaanisha dabo ya Kimarekani, ile ya kuzungusha uzi mara moja kwenye kroshia, ile sindano yenye ndoano, kabla hujaingia kwenye tundu, manake Waingereza hiyohiyo wanaiita trebo na hapo tu wengi wanaofuata video za YouTube wameshapotea njia.

Nilianza na stichi 120 za dabo, sasa niko mstari wa 40 na blanketi linazidi kuwa jembamba kwa juu. Sijapunguza popote, naapa!

Umepunguza dada, ila hujui kama umepunguza. Hili limenikuta mwenyewe. Blanketi langu la kwanza lilikuwa la mtoto wa dada yangu, nilianza na 140 nikawa nafuma huku naangalia tamthilia, siku nakaa kuhesabu nakuta 98. Mama akalishika akaligeuzageuza akasema shali nzuri hii mwanangu. Sikumsahihisha.

Kinachotokea ni hivi: ukigeuza kazi unapanda cheni 3, vile vitanzi vinavyovutwa kimoja ndani ya kingine, na hizo cheni 3 zinahesabiwa kama dabo ya kwanza, kwa hiyo lile tundu la kwanza kabisa unaliruka, dabo inayofuata inaingia tundu la pili. Hapo wote tunapatia. Shida iko mwisho wa mstari. Stichi ya mwisho siyo dabo, ni zile cheni 3 za mstari wa chini, nyembamba, zimelala pembeni kama uzi uliochomoka, haifanani kabisa na stichi. Unaiona unadhani umemaliza, unageuza, moja imekwenda. Na kwa vile kila mstari unageuza, leo inaliwa upande wa kulia kesho upande wa kushoto, ndo maana blanketi linachongoka pande zote mbili sawasawa kama sketi iliyopinduliwa.

Dawa yake: ukishapanda tu cheni 3, chukua pini ya nepi uichomeke kwenye cheni ya tatu, ile ya juu kabisa, hapohapo kabla hujaendelea. Ukirudi mstari unaofuata, hujamaliza mpaka umefuma dabo penye pini. Halafu hesabu. Najua hampendi kuhesabu, ila ukiweka pini nyingine kila baada ya stichi 20 huhesabu 120 nzima, unahesabu vikundi sita tu, hata mtoto akikuita katikati hupotei. Kwa hilo lako la mistari 40 mimi ningefumua. Samahani, lakini ningefumua.

Langu mimi linapanuka!

Kinyume chake. Umepanda cheni 3 ukazihesabu kama stichi, halafu ukatia na dabo kwenye tundu lilelile la chini yake, kwa hiyo kila mstari unaongeza moja bila kujua. Ruka hilo tundu la kwanza. Na angalia usije ukawa unatia mbili kwenye tundu la mwisho kwa wasiwasi wa kupunguza, wapo wanaofanya hivyo.

Nimeruka stichi moja mstari wa 12 na sasa niko wa 50, nimeiona jana usiku nikakosa usingizi. Nifumue yote?

Wee, lala tu! Kwanza krosheti siyo kama sweta la sindano mbili, kule kitanzi kikikuponyoka kinashuka mpaka chini kama soksi ya nailoni iliyochanika, huku kila stichi imeshajifunga yenyewe, tundu la kurukwa linabaki hapohapo halikui. Chukua sindano butu na kipande cha uzi uleule, pitisha kwa nyuma mara mbili tatu ulifunge taratibu bila kuvuta sana. Ile stichi iliyopungua irudishe kwenye mstari uliopo sasa, fuma dabo mbili kwenye tundu moja mahali popote katikati, siyo pembeni. Nani ataiona kati ya stichi 120?

Ila kama ni lile la mawimbi, la kupanda na kushuka, hapo sikufichi, fumua mpaka ufike kwenye kosa, manake stichi moja ikihama mawimbi yote ya juu yake yanahama na kila anayeingia sebuleni atauliza kulikoni.

Niko Njombe, pembeni ya blanketi langu kuna vitundu vitundu kila mstari na baridi ya huku unaijua. Hesabu iko sawa.

Hivyo ni zile cheni 3, zimesimama mbali na dabo ya pili pakabaki mwanya. Mimi siku hizi nimeachana nazo kabisa. Napanda cheni 2 tu, sizihesabu kama stichi, dabo ya kwanza naitia kwenye tundu la kwanza kabisa, na mwisho wa mstari naishia kwenye dabo ya mwisho, zile cheni naziacha kama hazipo. Idadi inabaki ileile na ukingo unakaza. Chagua njia moja tu usichanganye, ukichanganya utarudi kwenye sketi.

Mimi ni wa Limuru, nashona blanketi na hesabu ni sawa lakini upande wa chini umejikunja, umekuwa mfupi kuliko juu.

Cheni zako za kuanzia zimekaza. Karibu kila mtu anakaza pale mwanzo. Siku nyingine anza cheni na kroshia kubwa zaidi, kama unafumia namba 5 anzia na 5.5 au 6, halafu rudi kwenye yako. Kwa hili la sasa pindo litasaidia kiasi, siyo sana.

Pindo lenyewe nikizungushia linakuwa na mawimbi kama chapati iliyoungua. Na je naweza kulipiga pasi linyooke?

Stichi zimezidi. Ubavuni, kila mstari wa dabo tia singo 2, zile stichi fupi zisizozungushiwa uzi kabla ya kuingia tundu, na kwenye kona tia singo 3 tundu moja ili kona igeuke vizuri. Yaani mistari 60 ni singo 120 kila ubavu. Fuma kama urefu wa kiganja kwanza, lilaze mezani uangalie, likileta mawimbi punguza, likivuta ndani ongeza, usisubiri umalize pande nne ndo ulie.

Pasi hapana, kama uzi ni akriliki, na nyuzi nyingi za madukani ndo hizo, soma lebo. Lilowanishe kidogo, libane kwa pini juu ya godoro uku unapima pande zote kwa tepu, liache likauke lenyewe. Mimi niliwahi kugusisha pasi kona moja tu, sekunde, uzi ukalala ukaanza kung'aa kama mfuko wa plastiki, na ile kona mpaka leo iko vilevile.