Wasomaji Wanauliza: Kabla Maji Hayajafika Mlangoni

Redio inatangaza angalizo la mvua kubwa, tunajiandaa, siku inapita na jua lake. Wiki nyingine kwetu hata manyunyu hayapo, lakini maji yanaingia ndani. Tuamini nini? (Msomaji, Kigogo, Dar es Salaam)

Angalizo ni la eneo zima, si la paa lako. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa taarifa zake kwa rangi: njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Pamoja na rangi huandikwa mambo mawili ambayo matangazo mengi huyaruka: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Mvua yenye uwezekano mdogo inaweza kuwa na athari kubwa ikija, na kwa mtu wa bondeni hilo la pili ndilo la kupimia. Itafute taarifa yenyewe uisome.

Mvua kubwa hapo maana yake ni inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo paa la mita 8 kwa 10 peke yake humwaga lita 4,000. Hesabu nyumba zote zinazomwaga kwenye mtaro wenu mmoja, halafu angalia mtaro huo umejaa taka kiasi gani.

Ila kwa Kigogo mvua ya kwenu si ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mto Msimbazi unaopita kwenu unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, mkoa wa Pwani. Ikipiga huko usiku, maji yanawafikia ninyi hata kama kwenu ni kukavu. Fuatilia taarifa ya mkoa huo pia, na muwe na mtu wa huko juu wa kumpigia simu saa yoyote.

Kisha wekeni alama ya kuondokea: maji yakiifikia, mnatoka. Chagueni nguzo au ukingo wa kalavati unaoonekana kutoka mlangoni, mpige rangi. Watu wengi huweka alama kwa kuangalia kizingiti cha nyumba, na hapo ndipo wanaponaswa, kwa sababu njia ya kutokea hufungwa kabla ya nyumba kuingia maji. Tafuteni sehemu ya chini kabisa ya njia hiyo. Alama iwe pale maji yanapofika wakati sehemu hiyo bado inapitika, na ibaki nafasi ya kumbeba mgonjwa na kumwamsha jirani. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na huoni shimo lililo chini yake.

Rangi ya njano ikitangazwa: zibueni mtaro, chajini simu, vyeti na dawa viingie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, unga upande juu. Machungwa: watoto, wazee na wagonjwa walale kwa ndugu wa mlimani, waondoke kabla ya giza. Nyekundu: wote. Swichi kubwa ya umeme izimwe mkono na miguu ingali mikavu. Sakafu ikishalowa, usiiguse swichi hiyo. Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Nilipanga viroba vya mchanga mlangoni, maji yakatokea chooni. Nilikosea wapi? (Msomaji, Tandale)

Mlangoni hukukosea. Maji ya nje yalipopanda juu kuliko chemba ya choo, yalirudi na bomba hadi kwenye sinki la choo. Fundi bomba anaweza kufunga vali ya kuzuia maji yasirudi kati ya nyumba na chemba, na hiyo ndiyo dawa ya kweli. Kwa dharura, jaza mfuko wa plastiki mchanga, ufunge, uushindilie ndani ya sinki la choo, na mwingine juu ya tundu la bafuni.

Viroba vijazwe nusu tu. Kilichojaa kinakuwa kigumu kama gogo na kinaacha mianya. Usikifunge kwa kamba: kunja mdomo, ulaze chini ya kiroba, uelekee maji yanakotoka. Panga kama tofali, maungio yapishane, kila safu ikanyagwe, na upande wa maji tanguliza turubai lililogandamizwa chini. Hata hivyo maji kidogo yatapenya, kwa hiyo andaa ndoo na matambara.

Usizuie maji ya kina cha zaidi ya sentimita 60 dhidi ya ukuta wa tofali. Juu ya hapo msukumo wa nje unaweza kuuangusha ukuta mkiwa ndani. Nyumba ya udongo isingojee hata hapo, maana ukuta wake hulainika chini kwanza.

Kila mvua ikizidi tunaambiwa ni El Nino. Mabadiliko ya tabianchi yanaingia wapi? (Msomaji, Kilifi)

El Nino ni joto la Bahari ya Pasifiki, huja kila baada ya miaka 2 hadi 7. Kwetu Bahari ya Hindi ina neno lake pia: upande wetu ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli huwa nzito. Mwishoni mwa 2019 hapakuwa na El Nino kali, na bado mvua ilifurika. Mwaka 1997 na 2023 yote mawili yalikutana. Tabianchi inaongezea juu yake: hewa ikipanda joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na wingu lililobeba zaidi humwaga zaidi. Ndiyo maana kalavati iliyopimwa kwa mvua za zamani haitoshi tena.

Mafuriko yalifunika kisima chetu kilichochimbwa kwa mkono. Tukiweke dawa kiasi gani? (Msomaji, Rufiji)

Kwanza toeni maji yote na tope, sugueni kuta. Pampu ya petroli isishushwe kisimani kamwe. Moshi wake huua aliye chini kabla hajapiga kelele. Acheni kijae upya, mpime. Kisima chenye upana wa mita 1.2 na kina cha maji mita 2.5: 3.14 × 0.6 × 0.6 × 2.5, karibu mita za ujazo 2.8.

Koroga gramu 300 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 ndani ya lita 20 za maji safi. Kila mita moja ya ujazo inapata lita 10 za mchanganyiko huo, kwa hiyo hapa ni lita 28, yaani mtakoroga na ndoo ya pili. Mimina, koroga, funika usiku kucha, asiteke mtu. Asubuhi choteni mkamwage mbali na mto na bwawa la samaki, hadi harufu kali ya klorini iishe.

Maji ya kunywa bado yachemshwe hadi yatokote kwa dakika nzima, au kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa lita 20, msubiri dakika 30. Yakiwa na tope, yachujeni kwanza kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, kwani tope hula dawa. Na kama kuna choo cha shimo kwa umbali usiofika mita 30, upande wa juu wa kisima, kusafisha huku kutarudiwa kila masika mpaka kimojawapo kihamishwe.