Supu ya Mifupa na Damu Isiyopanda

SWALI: Assalamu alaykum. Nina mimba ya miezi mitano na damu yangu ni gramu 9.2. Mama mkwe ananipikia supu ya mifupa kila siku. Anasema uloto ndio unaotengeneza damu, basi nikiula itapanda. Vidonge vya kliniki nameza asubuhi kwa chai. Mwezi umepita, damu iko pale pale. — Bi. S., Wete

JIBU: Wa alaykum salaam. Mama mkwe hakukosea yote. Damu kweli inatengenezwa ndani ya uloto, au uboho kwa jina jengine, lakini ni uloto wako wewe. Wa ng'ombe tumbo linausaga kama chakula chochote. Tena huo wa mfupa wa muundi aghlabu ni wa manjano, yaani mafuta matupu. Uloto mwekundu, ndio unaofanya kazi, kwa mtu mzima umo zaidi kwenye nyonga, uti wa mgongo, kidari, mbavu na fuvu.

Uloto huo hutoa chembe nyekundu takriban milioni 2 kila sekunde. Amri hutoka kwenye figo: zikihisi oksijeni imepungua, zinamwaga homoni ya eritropoietini. Kwako amri ipo, kinachopungua ni vitu vya kutengenezea, na kwa mjamzito cha kwanza kushukiwa ni madini ya chuma. Chembe nyekundu huishi siku 120, na chuma cha zilizokufa hurudishwa kazini. Ila mimba inataka zaidi ya hicho cha kurudishwa, kwani mtoto anachukua chake na damu yako mwenyewe inaongezeka.

Tunashuku chai. Ukakasi wake unakishika chuma tumboni kisinyonywe. Meza kidonge kwa maji au maji ya chungwa, na chai iwe mbali nacho kwa saa mbili, kabla na baada. Kahawa na maziwa vivyo hivyo. Kikikuchafua moyo, meza wakati wa kulala. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni chuma kilichobaki.

Kwa mwendo huo, uloto huanza kumwaga chembe changa kwa wingi ndani ya siku 7 hadi 10, na baada ya wiki 4 kipimo kinatarajiwa kupanda kwa gramu 1 au zaidi. Kisipopanda, usijiongezee vidonge. Rudi kliniki wakutazame malaria, safura (minyoo inayonyonya damu) na sikoseli (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu). Supu endelea nayo, ila usiiache nyama yake, na dagaa na kunde viwemo.

SWALI: Mwanangu wa miaka 6 ana sikoseli. Kapewa foliki asidi, chuma hakupewa, na hali damu yake iko chini. Kwa nini? — Baba R., Chake Chake

JIBU: Kwa sababu chuma hakimpungukii. Chembe zake huishi siku 10 hadi 20 tu, zikivunjika chuma chake kinabaki mwilini, na kila chupa ya damu anayoongezwa inaleta chengine. Kinachokwisha upesi ni foliki asidi, vitamini ya kutengenezea chembe, maana uloto wake unafanya kazi maradufu bila ya kupumzika.

Hapo ndipo penye hatari yake. Kuna kirusi, parvovairasi B19, kinachousimamisha uloto kwa siku 7 hadi 10. Mtoto mwengine hata hajui, chembe zake za siku 120 zinamtosha. Wako damu inaporomoka. Ukiona viganja na ulimi vimekuwa vyeupe ghafla, anahema mbio, au upande wa kushoto wa tumbo umevimba (hilo ni wengu lililojaa damu), mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usiku usiku.

SWALI: Babu atachukuliwa uloto kwa sindano mgongoni. Hatapooza? — M., Jambiani

JIBU: Hatapooza. Sindano huingia nyuma ya mfupa wa nyonga, mbali na uti wa mgongo, baada ya kupigwa ganzi. Ganzi haizuii ule mvuto mkali wa sekunde chache wakati uloto unapofyonzwa, na ni bora aambiwe mapema. Kama anameza dawa za kuyeyusha damu, amwambie daktari kabla ya siku hiyo. Bendeji ikae kavu saa 24.